Nyayo Themanini na Tatu

Saa nne asubuhi ya Jumatano, Inspekta Sirkka Nuutinen alikuwa amepiga magoti katikati ya Ziwa Suovanjärvi, akifagia theluji kwa ufagio aliouazima kibarazani kwa mjane wa marehemu. Nyuma yake alisimama Konstebo Pekkarinen, mikono mifukoni, akimweleza kwamba kesi imekwisha.

Pekkarinen alikuwa amezipanga hoja zake vizuri. Oiva Sivonen, miaka sabini na miwili, ameondoka kwake Jumanne asubuhi kwenda kuvua, na saa kumi jioni amekutwa amekufa, amezama hadi mapajani kwenye rojo la theluji na maji, ngozi imepasuka juu ya jicho. Pembeni yake mtaimbo wa kuvunjia barafu, na kwenye mpini wa mtaimbo alama ya kuchomwa ya nyumba ya Ylätalo. Anayekaa Ylätalo, ng'ambo ya ziwa, ni Tauno Sivonen, mdogo wake marehemu. Ndugu hao hawajasemezana miaka kumi na tisa. Tauno aliwahi kutamka dukani, watu wakimsikia, kwamba siku Oiva akienda chini ya barafu yeye ataoka keki. Tena dereva wa greda la theluji ameiona pikapu ya Tauno Jumatatu jioni imeegeshwa kwenye gati la boti upande huu wa Oiva, ambako Tauno hana shughuli yoyote.

"Sasa bosi, unatafuta nini tena?" aliuliza. "Tukamchukue kabla supu yetu ya mchana haijapoa."

"Mtaimbo uliukuta hivi hivi, uko wazi?"

Pekkarinen alijikuna chini ya kofia. Hapana, si wazi kabisa. Makali yalikuwa yamefungwa gunia. Yeye ndiye aliyelifungua ili aione alama.

"Ukalifungua," alisema Sirkka.

"Nimelihifadhi. Lipo kwenye gari, na uzi wake."

Sirkka alimkata jicho akaendelea kufagia. Hakuwa mtu wa kugombeza. Miaka ishirini na sita ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba ukimgombeza Pekkarinen asubuhi, mchana kutwa hatakwambia kitu.

Mwaka ule theluji ilikuwa imewahi, na ilikuwa nyingi kupita kiasi. Theluji ikilemea barafu, barafu inadidimia, maji yanapanda kupitia nyufa na kutulia juu yake, chini ya theluji, asiyaone mtu. Ukitazama unaona uwanja mweupe mkavu. Ukikanyaga unashuka hadi goti, hadi paja, ndani ya rojo linalonyonya kiatu, na baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri inakusubiri huko juu. Rojo hilo haligandi lenyewe, kwa kuwa theluji imelifunika kama blanketi. Anayetaka kupita kesho lazima akanyage leo, aivuruge theluji na maji vichanganyike, baridi ipate pa kuuma. Asubuhi anakuta njia ngumu kama sakafu. Theluji ikianguka tena, anarudia.

Njia ya namna hiyo ilikuwepo. Ilitoka gati la boti, ikapita ufukweni kwa Oiva, ikaenda moja kwa moja hadi kwenye mashimo yake ya kuvulia. Pikipiki ya theluji ya Pekkarinen ilikuwa imepita juu yake bila kutikisika.

Sirkka alirudi kwenye mkokoteni uliofungwa nyuma ya pikipiki akachukua msumeno. Alikata kipande cha njia kama mtu anayekata jibini, akakiinua kwa mikono miwili, akakigeuza ubavu kuelekea mwangaza. Kijivu, cheupe, kijivu, cheupe. Aliyahesabu matabaka kwa ukucha, akayahesabu tena.

"Tisa," alisema. "Tangu Epifania, mwanzoni mwa Januari, theluji kubwa imeanguka mara ngapi?"

Pekkarinen alikuwa mtu wa kuandika hali ya hewa kwenye kalenda ya jikoni, kama marehemu baba yake. Alifikiri, midomo ikitembea. Mara kumi, ukiihesabu ya jana.

"Ya jana haijakanyagwa na mtu. Zinabaki tisa. Mtu amekuja hapa kila baada ya theluji, mara tisa, akamtengenezea Oiva njia. Oiva mwenyewe nyonga ilikuwa mbovu na macho yamekwisha. Hakuweza."

"Labda Tauno alikuwa anajiandaa."

"Kwa wiki tano? Anamtengenezea njia asizame, ili siku moja aje amuue palepale?"

Konstebo alitoa mikono mifukoni akambebea msumeno.

Mahali maiti ilipokutwa hapakuwa njiani. Palikuwa pembeni, mbali kiasi, kuelekea ng'ambo. Pekkarinen alidhani mzee alipotea katika theluji ya jana, maana ilianguka nzito saa nne mpaka saa nane na macho yake ndiyo hayo. Hilo nalo lilikuwa jambo la kupimwa, ndiyo maana Sirkka alikuwa anafagia. Chini ya theluji mpya, nyayo za Oiva zilikuwa zimeganda usiku kwenye rojo, vishimo vya kijivu vyenye maji magumu ndani yake. Alivifagia kimoja kimoja, akipima kila hatua kwa fimbo kabla ya kuikanyaga. Vilikwenda vimenyooka. Mtu aliyepotea huzunguka, husita, hurudi nyuma. Huyu hakusita. Ubavuni mwa nyayo ulipita mburuzo wa sleji yake, kigari cha kuburuta thelujini, mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo hakuwa anakimbizwa pia, kwani anayekimbizwa huitupa kamba.

Ukiacha za walioubeba mwili, zilizokuwa juu ya theluji mpya, nyayo zilikuwa za mtu mmoja. Kutoka ng'ambo, upande wa Tauno, hapakuja nyayo zozote.

Na pale zilipoacha njia palichomekwa tawi bichi la msonobari. Kila mvuvi wa ziwa lile, akiacha njia, huacha tawi, ili anayemtafuta ajue amegeukia wapi. Oiva alikuwa amelivunja nyumbani, amelileta kwenye sleji, amelichomeka. Alijua atakapogeukia tangu hajavaa viatu.

"Nyayo themanini na tatu," alisema Sirkka alipofika mwisho. Mbele yake kulikuwa na shimo kubwa lililovurugika, alama ya mtu aliyeanguka mara nyingi, na doa dogo la damu palipokuwa pembe ya sleji. Alinyanyua macho. Vishimo vyote themanini na vitatu vilielekea kwenye bomba la moshi la Ylätalo.

Daktari aliyeuchunguza mwili alipiga simu wakiwa bado barafuni. Jeraha la jicho ni la kujigonga, halikufika mfupani. Moyo ulisimama kwa baridi na kujikakamua. Kwa makisio yake mzee alipigana na rojo lile kama nusu saa. Sirkka alimshukuru, akakaa kidogo juu ya ubao wa mkokoteni. Nusu saa ni ndefu kwa mtu aliyekwama na anaona moshi wa nyumba ya ndugu yake.

*

Helvi, mjane, aliwapokea amevaa aproni, jikoni kukiwa safi mno, usafi wa mtu aliyefua na kusugua usiku kucha ili asikae. Alimimina kahawa kabla hawajaombwa. Sirkka alimuuliza polepole, naye alijibu kila swali huku akitazama dirisha.

Njia nani alikuwa anaitengeneza? Oiva alimwambia ni chama cha wavuvi. Hakuwa amefikiria zaidi. Na samaki? Hapo Helvi alitabasamu kidogo. Kila Oiva akipata made wawili, samaki wale wa baridi wenye maini matamu, mmoja alimleta nyumbani na mmoja alimfunga kwa uzi wa kijani wa nyavu kwenye fito pale kwenye mashimo. Alisema anamwachia kunguru.

"Na kunguru alikuwa anamla?"

"Oiva alisema kunguru huyo ana adabu. Hamwagi matumbo, wala haachi uzi." Helvi alifuta meza iliyokuwa safi. "Nilidhani ni mzaha wake tu, mwanangu."

Sirkka alimwonyesha gunia. Helvi alilishika akaligeuza, akaonyesha kiraka alichokishona mwenyewe. Lilikuwa la viazi, lilitoweka stoo Jumatatu. Siku hiyohiyo alimsikia Oiva kwenye banda akinoa kitu kwenye jiwe la kunolea, mchana kutwa, akipiga mluzi. Alipomuuliza, alisema ni shoka.

"Shanta yake mmeifungua?" aliuliza Helvi ghafla. "Maandazi yalikuwemo?"

Yalikuwemo. Maandazi mawili ya krimu ya Jumanne ya kabla ya mfungo, yamefungwa kwenye karatasi, yamegandiana.

"Aliniomba niweke mawili. Mimi nikamwambia wewe una sukari, tangu lini unakula maandazi? Akasema weka tu, Helvi, leo mikono yangu haiwezi kwenda mitupu." Alirudi kufuta meza. "Nikadhani ni ya vijana wa chama. Sikumuuliza. Miaka arobaini na nne nimemuuliza kila kitu, jana sikumuuliza."

Alianza kulia bila sauti, mikono ikiwa bado imekamata kitambaa cha meza. Pekkarinen, ambaye kwa kawaida mbele ya machozi hukimbilia nje kuangalia gari, safari hii alibaki, akamshika bega.

*

Kwa barabara, kutoka kwa Oiva hadi Ylätalo ni kilomita kumi na nne kuzunguka ghuba. Kwa barafu ni moja na kidogo. Njiani Pekkarinen aliuliza swali moja tu: kama mzee alikuwa na keekee ya kutobolea barafu kwenye sleji, mtaimbo wa nini tena mwezi wa pili, barafu ikiwa nene kupita uwezo wa mtaimbo? Sirkka alimwambia ndilo swali lake pia, na kwamba amefurahi kuwa wako wawili wanaoliuliza.

Tauno Sivonen alikuwa na miaka sitini na minane, mrefu, mkavu, sikio moja halisikii. Aliwafungulia mlango akarudi kukaa bila kuwakaribisha. Juu ya jiko sufuria ya supu ya njegere ilikuwa imejaa, haijaguswa. Habari za kifo alikuwa amezipata kwa simu ya jirani. Uso wake haukuonyesha lolote.

Sirkka alimuuliza mara ya mwisho ameenda lini ziwani.

"Msimu wa kupukutika majani. Nilitoa boti."

"Baada ya hapo?"

"Sijakanyaga. Nikafanye nini? Samaki nanunua dukani."

"Pikapu yako imeonekana gatini Jumatatu."

"Gati la umma hilo. Mtu haruhusiwi kuegesha?"

Alisema hayo akitazama meza. Sirkka hakubishana. Aliinuka, akazunguka jikoni kama mgeni anayetazama picha za ukutani. Kando ya mlango skii mbili za kutelezea thelujini, za zamani, pana, za mbao, zimesimamishwa zikauke, na doa la maji yaliyokauka chini yake. Ya kushoto ilikuwa imekatika ncha ikazibwa kwa bati, na alama ya bati hilo alikuwa ameiona kwenye kipande cha barafu alichokata. Dirishani, darubini. Karibu na jiko, kwenye msumari, vitanzi vya uzi wa kijani, vimening'inizwa vizuri. Alivihesabu.

"Vinane," alisema. "Matabaka ya njia ni tisa. Mara ya kwanza hukukuta samaki, mzee Tauno, kwa sababu Oiva alikuwa hajajua."

Saa ya ukutani iligonga, na Pekkarinen akajifanya anasoma kalenda.

"Nikisema nilikuwepo," alisema Tauno mwishowe, "mtaandika nimemuua."

"Nitaandika kilichotokea. Ulianza kwa nini?"

Mzee alijishika magoti. Siku ya Epifania alikuwa dirishani na darubini, kama kila siku. Alimwona Oiva akiburuta sleji, akamwona anazama, akaanguka. Ilimchukua muda mrefu kuinuka, akaanguka tena. Tauno alikuwa tayari ameshavaa viatu aliposhuhudia kaka yake amejinasua na kurudi ufukweni kwa magoti. Alivua viatu. Usiku hakulala. Kesho yake jioni akapakia skii kwenye pikapu.

"Ungeweza kumpigia simu," alisema Pekkarinen.

"Ningemwambia nini?" Tauno alimgeukia kwa hasira, na hasira hiyo ikaishia njiani. "Ningemwambia nini baada ya miaka kumi na tisa? Eti nimekuona ukianguka?"

"Na hayo maneno ya keki?"

"Nilisema. Niliyasema na kila aliyekuwa dukani alicheka." Alijifuta pua kwa kiganja. "Sasa niulize mimi. Nimekaa tangu jana na swali hili moja. Jumatatu jioni nilikanyaga, lakini mawingu yalikuwa yanakuja, nikaogopa haitaganda. Nilikwenda haraka, nimechoka, mwisho kabisa sikuikanyaga mara mbili kama kawaida." Sauti ilikuwa imeshuka. "Njia ilivunjika, siyo? Aliiamini, ikavunjika."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa limemkalisha mbele ya supu siku nzima. Hakuogopa pingu. Aliogopa kwamba kile kitu kimoja chema alichomfanyia ndugu yake ndicho kilichomuua.

Sirkka alivuta kiti akakaa mbele yake, upande wa sikio linalosikia. Angeweza kumwambia nusu na kuondoka. Njia ilishika, huna hatia, pole sana. Kazi isingekuwa imeharibika. Lakini huyu mtu angebaki miaka yake yote akijiuliza lile lililobaki, na mwisho angelisikia dukani kutoka kwa dereva wa greda.

"Njia ilishika," alisema. "Nimepita juu yake kwa pikipiki leo. Haina hata ufa."

Tauno alifumba macho. Mabega yalishuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo, halafu taratibu yakapanda tena.

"Sasa amefiaje?"

"Aliiacha. Alichomeka tawi akaiacha."

"Aende wapi?"

Sirkka alimtazama Pekkarinen, naye akatoka, akarudi na mtaimbo umefungwa tena gunia lake. Aliulaza mezani kwa uangalifu, kama anayemlaza mtoto. Sirkka alisema anahitaji kujua kama mzee anaujua.

Vidole vya Tauno vilitangulia kuona. Vilifungua uzi wa kijani, vikavua gunia. Chuma kilikuwa kimenolewa kikang'aa, mpini umepakwa mafuta ya kitani, na alama ya Ylätalo, nyumba walimozaliwa wote wawili, imesafishwa masizi.

"Wa baba," alisema. "Siku ya kugawana urithi haukuonekana. Nikamwambia umeuchukua. Akaapa kwa kaburi la mama kwamba hajauona. Nikamwita mwizi mbele ya mkewe. Basi, ndiyo hivyo. Watu wanasema tuligombania msitu. Hatukugombania msitu."

"Alikuwa anaurudisha. Na maandazi mawili."

Tauno alitazama sufuria ya njegere. Mama yao alipika supu hiyo kila Jumanne ya kabla ya mfungo, na Oiva alijua kwamba Tauno bado anapika. Sirkka alimweleza basi yaliyobaki, moja baada ya jingine, kwa sauti ileile ya kazini: nyayo themanini na tatu, zimenyooka, hakuna ya mtu mwingine. Theluji ilikuwa inaanguka. Rojo lilikuwa la mapaja. Alikuwa amebakiza mita mia tatu.

"Mimi nilikuwa hapa," alisema Tauno. "Sikuona hata banda la boti, kwa theluji. Nilikuwa nimewasha redio."

Akasimama akaenda dirishani. Chini ya nyumba ufuko wa Ylätalo ulikuwa mweupe mtupu, hauna alama hata ya sungura, mpaka mbali kule njia ilipopita kama mstari wa penseli.

"Kwa barafu ni karibu," alisema bila kugeuka. "Kila jioni ningeweza kushuka hapa tu, nikavuka, nikakanyaga, nikarudi. Nilizunguka kilomita kumi na nne na gari. Mara tisa. Kusudi pasiwe na nyayo zinazotoka kwangu. Kusudi asijue."

"Alijua," alisema Sirkka.

"Alijua, na hakukuwa na njia ya kuja."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti mbaya ya mtu asiye na mazoea, paji la uso likiwa kwenye kioo. Sirkka aliandika kwenye daftari saa na dakika, akaandika *kifo cha bahati mbaya, hakuna mtuhumiwa*, akalifunga. Pekkarinen alipunguza moto wa jiko, akafunika sufuria.

Walipokuwa wanawasha gari, mlango wa Ylätalo ulifunguka. Tauno alitoka na skii, akazivaa barazani, akashuka hadi ufukweni bila kuwatazama. Akaanza kukanyaga. Hatua mbele, hatua pembeni, anarudi, anakanyaga tena, mara mbili kila mahali. Maji ya kijivu yalipanda yakilowesha mbao zake.

"Bosi, yumo ndani ya eneo letu la uchunguzi," alisema Pekkarinen, kwa sauti ya chini.

"Tumemaliza kuchunguza," alisema Sirkka.

Walikaa garini injini ikinguruma, wakamtazama. Alikwenda polepole, na alikwenda hadi pale shimo lilipokuwa. Hakusimama. Alilipita, akaendelea juu ya nyayo za kaka yake, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye tawi, akageuka na kuanza kuikanyaga njia yote upya kuelekea nyumbani. Mbingu ilikuwa imefunguka, baridi inashuka. Mpaka asubuhi ingekuwa imeshika.